Mke Mwenza wa Tarakimu Saba

Mume wangu ni fundi saa, mtu mpole asiyejua hata kumfokea nzi. Ana tabia moja tu: kila saa inayoingia dukani kwake, huisoma namba iliyochongwa mgongoni na kuivunjavunja. Mbili mara tatu mara kumi na moja, basi, imekwisha, saa inapona na mwenyewe anaichukua. Namba hizo sikuzionea wivu. Zilikuwa wageni wa dakika tano.

Kisha mteja mmoja akaleta saa yenye namba 1000003. Mume wangu akaigawanya kwa tatu, ikakataa. Kwa saba, ikabaki nne. Kwa kumi na moja, nne. Kwa kumi na tatu, nne tena! Saa ilichukuliwa na mwenyewe, lakini namba ikahamia nyumbani kwangu, kwenye daftari la jalada gumu, na haikutoka.

Miaka mitatu! Kila jioni kigawanyo kimoja au viwili, huku anatabasamu peke yake. Nilishona gauni jipya, nikapita mbele yake mara mbili. "Imegoma tena," akasema, wala hakuinua kichwa. Nilimchukia mwanamke yule, ndiyo, nasema mwanamke, kwa moyo wangu wote. Mimi nimezaa, nimenenepa, nimeota mvi. Yeye yuko vilevile.

Mdogo wangu, mwalimu wa hesabu, alipokuja kunitembelea nikamfungulia daftari. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Dada, shemeji amefika elfu nane anatafuta nini? Vigawanyo huja viwiliviwili. Kama vyote viwili vimezidi elfu moja, ukivizidisha vinaipita namba yenyewe. Alipofika elfu moja mikono mitupu, kazi iliishia hapo. Hii ni namba tasa, haigawanyiki."

Nilimsubiri mume wangu kwa hamu. Hata hajakaa vizuri nikamwambia yote, tena kwa kujidai. Akapiga hesabu pembeni mwa ukurasa, akafunika kalamu.

"Kumbe ilikwisha zamani," akasema.

Jioni iliyofuata alikuwa wangu mzima. Alikaa nami sebuleni, mikono mapajani, anatazama ukuta. Nikamuuliza habari za dukani, akasema nzuri. Gauni alilisifia bila kuliangalia. Kesho yake hivyohivyo, na keshokutwa.

Siku ya nne uzalendo ukanishinda. Nikalitoa daftari kabatini, nikaongeza thelathini juu ya ile namba, nikaandika kwa mkono wangu: 1000033.

"Haya, anza na huyu," nikamwambia. "Lakini ukifika elfu moja, unarudi kwangu."

Macho yakamng'aa, akavuta kiti, akagawanya kwa tatu. Ikakataa. Akatabasamu lile tabasamu lake, na wivu ukanipanda upya. Safari hii sikuwa na wa kumlaumu, maana aliyemwozesha ni mimi.