Kiganja Kimoja Nyuma ya Kiwiko

Ardell Prochnow alipika katika shule yetu miaka thelathini na miwili, lakini sisi majirani tulimjua zaidi kwa upinde. Kila Novemba alipanda kwenye kiti chake kilichofungwa juu ya mwaloni, na kulungu aliyempiga hakufika mbali. Hatua hamsini, sitini, chini. Wanaume wa hapa Wisconsin hawapendi kumsifu mwanamke anayewazidi kuwinda, ila nyama yake waliila wakanyamaza.

Mbinu yake hakumficha mtu. "Usimpige kulungu," alizoea kusema. "Piga mahali. Kiganja kimoja nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele, chini kidogo ya katikati ya kifua. Hapo kuna mapafu, na moyo ni jirani. Ukisogea mbele, mfupa wa bega. Ukisogea nyuma, tumbo, na wa tumbo hufa kutwa nzima." Aliapa pia, mbele yetu sote, kwamba siku asipokiona kiwiko atautundika upinde.

Sasa sikilizeni upumbavu wangu. Mwezi wa nane daktari alimwambia jicho lake la kulia, lile la kulengea, lina mtoto wa jicho. Akaja kuniambia jikoni kwangu.

"Bernice, ukimwambia Leland, soseji zangu utazisikia harufu tu."

Leland ni shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, na mdomo wake hauna mlango. Walikuwa wakiwinda pamoja. Nikanyamaza. Soseji nazipenda, sikatai, lakini nilimhurumia. Tangu afiwe, Novemba ndio mwezi pekee niliomwona akicheka, nami sikuwa na moyo wa kumnyang'anya.

Basi Jumamosi moja ya Novemba nilikuwa kwenye kibanda chao cha msituni nikikaanga mayai, kwa maana mimi siwindi, nala. Leland alikuwa amesharudi mikono mitupu. Saa mbili na nusu asubuhi mlango ukafunguka, Ardell akaingia na mshale mkononi. Aliuweka juu ya meza, karibu na mkate.

"Umepiga!" Leland akaruka. "Dume?"

"Dume la pembe nane. Saa mbili kamili."

"Shemeji, mwaka huu tena umetutia aibu!"

"Nusa kwanza."

Leland akainama, akanusa, na uso wake ukabadilika. Hata mimi harufu ilinifikia. Mshale ulikuwa na utelezi wa kijani, na kwenye manyoya ya mkiani mwake zilinata nywele nyeupe, ngumu, za tumboni mwa mnyama. Ardell alikuwa amekosea kwa urefu wa mkono mzima.

"Aligeuka," akasema Ardell, bila kunitazama. "Nilipoachia, aligeuka."

Nikajua anadanganya. Nikageuza mayai.

Desturi ya hapa kila mtu anaijua. Aliyepigwa mapafu unamsubiri nusu saa. Aliyepigwa tumbo unamwacha kwa muda wa saa nane bila kumkanyagia hata jani. Atakwenda mwendo mfupi, ataona hakuna anayemfuata, atalala, na atafia hapo. Ukimfuata mapema atainuka na kukimbia mpaka kaunti ya pili, na nyama italiwa na mbweha. Tatizo ni kwamba redio ilikuwa imesema mvua saa tano. Na kulungu wa tumbo huvuja damu kidogo mno, tone hapa, tone kule.

"Twende sasa hivi," Leland akasema. "Mvua ikinyesha damu yote inaoshwa. Utafuata nini, harufu?"

"Saa kumi."

"Saa kumi na moja ni giza, shemeji! Utakuwa na saa moja tu!"

"Nimesema saa kumi. Yule wako wa mwaka juzi, uliyemkimbilia baada ya dakika ishirini, ulimpata?"

Leland akainuka kutafuta buti zake. Ardell alikuwa amezikalia.

"Toka juu ya viatu vyangu."

"Njoo unitoe."

Hakwenda. Ni mfupi kuliko Ardell kwa kichwa kizima.

Tukacheza karata. Sijawahi kucheza karata mbaya namna ile. Saa tano mvua ikaja kama ilivyoahidiwa, ikapiga bati, na kila ilipozidi Leland alimtazama Ardell, naye Ardell alitazama karata zake kwa kuzisogeza karibu na pua. Leland hakuliona hilo. Mimi niliona. Kama ningefungua mdomo mwezi wa nane, mnyama yule angekuwa anakula mbegu za mialoni wakati huu.

Saa kumi tukatoka. Leland alichukua upinde wake, Ardell wake, mimi nikabeba tochi. Mahali alipompigia hapakuwa na tone. Majani yote yalikuwa meusi kwa maji. Leland akaanza kuzunguka huku na huku akilaani kwa sauti.

"Nyamaza," Ardell akamwambia. "Wa tumbo hushikwa na kiu. Tushuke kijitoni."

Tulishuka taratibu, tukisimama kila baada ya hatua chache, mwanga ukipungua. Nilikuwa wa kwanza kumwona. Alikuwa amelala kando ya maji chini ya mti ulioanguka, hatua kumi na tano kutoka kwetu. Nikamshika Ardell mkono kumwonyesha, na hapohapo yule dume akainua kichwa.

Alikuwa hai. Saa nane zimepita, na bado yu hai. Alijaribu kusimama, miguu ya nyuma ikakataa. Ya mbele ilinyooka, ubavu ukawa wazi kabisa. Hata mimi niliyekaanga mayai maisha yangu yote nilikiona kiwiko.

"Mmalize, shemeji," Leland akanong'ona. "Haraka."

Ardell akavuta upinde. Akashikilia. Nikahesabu pumzi zangu mpaka sita. Mshale haukutoka. Kisha akaulegeza uzi polepole, akashusha upinde.

"Piga wewe, Leland."

"Hapana, ni wako. Aliyeanza ndiye—"

"Piga wewe! Mimi kiwiko sikioni. Na asubuhi sikukiona. Nilikisia."

Leland alimtazama. Akavuta upinde wake. Mshale ukaingia, dume akapiga mateke mawili majini, akatulia.

Ardell alibaki amesimama pale pale, mvua ikimchuruzika usoni.

"Umempiga wapi?"

"Kiganja kimoja nyuma ya kiwiko," Leland akajibu.

"Vizuri," akasema Ardell. Akanyoosha upinde wake upande wangu bila kugeuka. "Shika, Bernice. Nenda nao kwako, usiniletee tena."