Maneno ya Mama wa Nguo ya Kijani

Tangu wamzike Nasipwondi, Khamala hakuweza kukaa kitako. Aliketi, akainuka. Alilala, akaamka, akabaki ukingoni mwa kitanda akitazama mlango. Mlango wenyewe ulizuiwa na jembe lisilo na mpini. Nasipwondi alilinunua sokoni Gikomba miaka mingi nyuma, akalileta limefungwa kwa gazeti, akalisukuma chini ya kitanda.

"La nini?" Khamala aliuliza siku ile.

"La kulimia," mkewe akasema.

Kianda, mtaa wao wa Nairobi, hakuna shamba. Khamala alilitoa kwenye gazeti akaliegemeza mlangoni, upepo usiufungue. Lilikaa hapo mpaka likaota kutu. Halikugusa udongo hata siku moja.

Alikuwa mwashi. Mawe ya ghorofa nyingi za Nyayo Highrise yalipita mikononi mwake, ingawa hakupata kulala ndani ya hata moja. Kusoma hakujua. Kizungu hakujua. Kiswahili chake kilikuwa cha kazini: leta mawe, changanya, shusha, bado. Maneno mengine yote alimwachia mke. Sasa mke alikuwa chini ya udongo wa kwao Kimilili, na chumba kimenyamaza, isipokuwa maneno machache yaliyobaki yakizunguka kichwani kama nzi aliyefungiwa ndani.

"Nimechoka na huu mji. Nipeleke nyumbani tukalime, ningali na nguvu."

Aliyasikia akinyoa ndevu. Aliyasikia akichanganya saruji, koleo likasimama hewani, vijana wa mjengo wakaulizana kama mzee amepatwa na nini. Na jambo lililomnyima raha ni hili: hakujua ni maneno ya nani.

Yalitoka kwenye sinema.

Kila Jumapili, kuanzia mwaka wa themanini na tisa, wakitoka kanisani yeye na mkewe walitembea mpaka Kawangware kwa Murunga, mdogo wake Nasipwondi. Murunga alikuwa amenunua televisheni na video iliyotumika, na kanda moja tu. Ilikuwa sinema ya watoto na wazazi wao, ya zamani hata siku walipoiona mara ya kwanza: wanaume wote wana kofia, magari ni ya mviringo kama vibuyu. Ndani yake kuna fundi saa, mtu mpole mwenye miwani. Hatari ikija, anapita nyuma ya duka lake, anatokea na barakoa ya buluu na mabawa ya chuma yanayokunjuka kama mwavuli. Anaruka. Anasimamisha treni kwa kiganja. Anarudi dukani, anavaa miwani, anaendelea na saa za watu.

Khamala alimpenda mtu huyo kuliko alivyopenda kusema. Alikuwa mtu wa kazi.

Na kwa sababu Kizungu kilimpita juu, Nasipwondi aliketi karibu naye akimweleza. Alimbatiza yule fundi saa jina la Wekesa. Adui alikuwa bwana mnene mwenye glavu ya chuma, na Nasipwondi alimwiga kwa sauti nzito: "Anasema atafunga mifereji yote ya mji, watu wanunue maji kwake, tena wapange foleni kutoka saa kumi alfajiri!" Chumba kizima kiliangua kicheko. Majirani walikuja na viti vyao.

Halafu ilifika sehemu ya daraja. Wekesa yuko tayari kuruka, na mama mmoja wa nguo ya kijani anamshika mkono. Anasema jambo. Hapo Nasipwondi aliacha kuiga. Sauti yake ilishuka, ikawa yake ya kawaida. "Anasema, Wekesa, nimechoka na huu mji. Nipeleke nyumbani tukalime, ningali na nguvu."

Mara ya kwanza Khamala alijibu kwa sauti: "Huyo mama anamchelewesha mwanamume kazini." Watu walicheka. Ikawa desturi. Kila Jumapili ikifika daraja, mke alisema yake na mume alisema yake, miaka minne, mpaka mashine ya Murunga ikaharibika na safari zikaisha. Mwaka wa tisini na sita, Nasipwondi akafa kwa kifua, humo humo Kianda, akingoja mjengo mmoja uishe ndipo waende nyumbani kusalimia.

Kama maneno yalikuwa ya mama wa nguo ya kijani, basi ni sinema, na Khamala hana kosa. Kama si yake, basi mkewe alimwomba mbele ya watu, Jumapili baada ya Jumapili, naye akamfanyia mzaha.

Angeuliza mapema. Lakini kwao, mwanamume aliyefiwa na mke haingii nyumba ya shemeji mpaka shemeji wenyewe waje kwake kwanza, wakae, wale, wamfungulie njia. Murunga aliahidi kuja Krismasi. Februari ikaingia bila yeye kuonekana. Halafu Khamala akasikia kwamba mashine imetengenezwa.

Jumapili hiyo hakumaliza ibada. Alitoka watu wakiimba.

Omolo, jirani yake fundi viatu, alimwona akipita upesi. "Mzee Khamala! Mbona unakimbia, umeiba sadaka?"

"Naenda Kawangware."

"Kwa wakwe? Na hawajakuja kwako?"

Khamala alishika Ngong Road, akafika Dagoretti Corner jasho likimtoka chini ya kofia, akaingia Naivasha Road bila kupumzika. Miguu ilikuwa ikimtangulia tangu mazishi. Siku hiyo angalau ilikuwa na mahali pa kwenda.

Alipofika alisimama hatua mbili kutoka mlangoni, akakohoa.

Murunga alitoka na fulana. Alipomwona, aliangalia chini. "Shemeji. Najua. Tulisema Krismasi."

"Sikuja kwa hiyo."

Jentrix, mke wa Murunga, alichungulia. Alikuwa mwalimu wa nasari, mtu wa kusema lililo moyoni. "Karibu, Mzee. Aa, karibu ya mdomo tu. Najua huwezi kuingia."

"Ile kanda ipo?"

"Kanda gani?"

"Ya Wekesa."

Mume na mke walitazamana.

"Ipo," Murunga akasema. "Imezeeka. Ina chenga."

"Niwekee. Nataka kuiona. Na Jentrix aniambie wanachosema. Kizungu chenyewe, kama kilivyo."

Jentrix alijifuta mikono kwa leso, polepole kuliko ilivyohitajika. "Kwa nini, Mzee? Si unaijua yote?"

"Niwekee."

Walimpa kigoda akakiweka nje, kwenye kizingiti, magoti yake yakiwa upande wa barabara. Jentrix alivuta pazia la mlango kando. "Basi miguu ikae nje. Macho hayana mwiko." Murunga aligeuza televisheni itazame mlango, akapangusa mashine kwa kitambaa chenye spiriti, akasukuma kanda. Ikakwama. Akaipiga kibao. Ikaingia.

Kulikuwa na mistari, kisha kofia, kisha magari ya vibuyu. Fundi saa akavua miwani. Khamala aliinuka, akaketi. Mara ya mwisho alipomwona mtu huyo, bega la Nasipwondi lilikuwa limegusa lake. Sasa upande huo kulikuwa na fremu ya mlango.

Bwana mnene akatokea, akanyoosha glavu.

"Anasema nini?" Khamala aliuliza.

Jentrix alisita. "Anasema... anataka stima ya mji wote. Amejenga mashine ya kuinyonya."

"Si maji?"

"Si maji, Mzee. Ni stima."

"Hasemi habari ya foleni?"

"Hakuna foleni."

Khamala alisimama. Alitembea mpaka kwenye mtaro, akarudi. Mama mmoja aliyepita na ndizi alimpisha. "Endelea," Khamala akamwambia Jentrix.

Jentrix aliendelea. Yule askari mrefu, ambaye Nasipwondi alisema anadai kitu kidogo, kumbe alikuwa anauliza saa ngapi. Yule bibi wa dirishani, aliyesemekana kulalamika kuhusu choo cha landilodi, alikuwa anamwita paka. Kila sentensi mpya ilimwinua Khamala kitini. Murunga alikuwa ametulia pembeni, akichuna rangi ya ukuta kwa kucha.

"Shemeji," Murunga akasema mwishowe, "tuizime. Unajiumiza."

"Daraja bado."

Daraja likaja. Wekesa akakunjua mabawa. Nguo ya kijani ikaonekana pembeni, mkono ukanyooshwa, na hapo hapo picha ikafa. Chenga tupu, nyeupe, zikitambaa kama mchwa. Ni hapo ambapo kanda ilirudishwa mara nyingi kuliko mahali pengine popote, siku zile majirani walipopiga kelele, "Rudisha daraja!" Picha ililika. Sauti ilibaki. Mama wa nguo ya kijani alisema maneno yake ndani ya chenga, mafupi, kisha mabawa yakalia.

Khamala alikuwa ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili. "Amesema nini?"

Jentrix aliinamia leso yake, akaikunja.

"Jentrix. Wewe ni mwalimu. Amesema nini?"

"Amesema..." Alimtazama mumewe. "Amesema amechoka, anataka..."

"Usinidanganye. Umeangalia Murunga kwanza."

Jentrix aliketi kwenye mkono wa kochi. Sauti yake ilitoka ndogo. "Amesema, umesahau miwani yako. Basi. Anampa miwani."

Ndani, sinema iliendelea kupiga kelele zake. Murunga aliizima.

"Rudia," Khamala akasema.

"Umesahau miwani yako."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu, Mzee."

Murunga alikuja mlangoni akachuchumaa, uso wake ukalingana na wa shemeji yake. "Dada hakujua Kizungu," alisema. "Yeye na mimi hatukupelekwa shule. Zile stori alizitunga. Kizungu ulidhani alikitoa wapi?"

Khamala alikuwa hajawahi kujiuliza. Yeye hakujua, mke alijua. Hivyo ndivyo alivyoona dunia imegawanywa.

"Na wewe?" alimwambia Jentrix. "Ulikuwa humu. Ulisikia kila Jumapili. Hukusahihisha."

"Nisahihishe nini? Nani alikuja kuangalia televisheni?" Jentrix alijibu, na sasa alikuwa analia na kukasirika pamoja. "Watu walileta viti kumsikiliza yeye! Ile sinema yenyewe ni ya kusinzia. Ya Mama Nasipwondi ndiyo ilikuwa sinema."

"Na daraja? Mlijua ananiambia mimi?"

Murunga aliinamisha uso.

"Mlijua."

"Tulijua," Jentrix akasema. "Chumba kizima kilijua, Mzee. Ukileta ule mzaha wako tulicheka, ndiyo, tungefanya nini? Yeye pia alicheka. Lakini Jumapili inayofuata alirudia, nasi tukanyamaza tena. Tulikuwa tunakungoja wewe."

Khamala aliketi. Akainuka. Alivua kofia, akaitazama ndani kana kwamba kuna kitu amekiweka humo, akaivaa. Murunga alimpa chai kupitia mlangoni. Aliipokea, akainywa wima, moto hivyo hivyo, akarudisha kikombe.

"Angesema tu," alisema. "Nyumbani. Tukiwa wawili."

"Aliwahi kukusemesha jambo nyumbani ukajibu?" Murunga aliuliza, bila ukali.

Khamala alifikiria jembe kwenye gazeti. La nini? La kulimia. Kumbe aliwahi.

"Chukua kanda, Shemeji," Murunga alisema. "Ni yako."

"Sina mashine. Tena yeye hayumo."

Alianza kwenda. Murunga alimfuata kidogo. "Jumamosi nitakuja Kianda na wazee wawili. Sitachelewa tena. Tukufungulie njia."

"Usije Kianda."

"Shemeji, usinikatie undugu hivyo. Nimekosa, nimekubali."

"Sikukatii. Njoo Kimilili, mvua ikianza. Utanikuta shambani."

Dagoretti Corner, kando ya barabara, fundi mmoja alikuwa akiuza mipini ya jembe, ameipanga ukutani kama bunduki. Khamala aliinua mmoja, akaupima kwa jicho, akaurudisha. Akachukua wa pili, akaugonga chini mara mbili akisikiliza. Huo ukamfaa. Aliuweka begani akaingia Ngong Road, suti ya kanisani mwilini, viatu vimejaa vumbi.

Makanga aliyekuwa akining'inia mlangoni mwa matatu alimpigia mluzi. "Niaje buda! Unaenda kulima lami?"

"Nimechelewa," Khamala alimwambia, kwa sauti, kama mtu anayejibu swali la kweli.

Makanga alicheka, gari likapita.

Alipofika Kianda alisukuma mlango kwa bega, akaliokota jembe. Alilisugua kutu kwa jiwe, akaingiza mpini, akalipindua na kugonga kichwa cha mpini sakafuni mpaka likashika. Omolo alikuja akasimama nje.

"Mzee, sasa mlango utauzuia na nini?"

Khamala alikuwa amekwisha vuta sanduku kutoka chini ya kitanda na kuanza kutia nguo, bila kuzikunja, za kwake na zilizobaki za mkewe. Nyuma yake upepo ulishika mlango, ukaufungua, ukaupiga ukutani, ukaufunga, ukaufungua tena. Aliuacha.