Bunduki ya Sungura

Mume wangu alikuwa fundi wa mitambo, na fundi akikupenda ana taabu moja: kila unacholalamikia hukichukulia vifaa. Nilisema kabati la jikoni linapiga kelele, akalitia mafuta. Nilisema dirisha linapitisha baridi, akaliziba kwa gundi na vitambaa, na lilipokuja joto tukashindwa kulifungua. Kwa hiyo siku niliyomwambia kwamba nimechoka na mayai, nilipaswa kujua palepale kuwa jibu lake halitakuwa maneno.

Tulikuwa tukikaa Rågsved, kusini mwa Stockholm, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Yeye, mtu wa Tanga, alitangulia kuja kwa mafunzo, akapata kazi katika kiwanda kimoja kule Sundbyberg, kisha akaniita. Binti yetu tulimzaa huko. Nyama mimi nilikuwa sili. Sheria ya nchi ile ilitaka mnyama apotezwe fahamu kwanza ndipo achinjwe, na bucha la Waislamu hatukulijua. Wenzetu wengi walisoma bismillahi juu ya sahani wakala. Mume wangu naye alikuwa akila kiwandani, akafuta mdomo vizuri kabla ya kurudi nyumbani, akidhani sijui. Mimi koo lilikataa. Sisemi kwamba nilikuwa mcha Mungu kuliko wao; nilikuwa mbishi tu. Nilikula maharage, samaki na mayai, nikakonda, pete ikawa inacheza kidoleni, na yeye akawa ananitazama mezani kama anavyosikiliza mashine inayogonga vibaya.

Jumamosi moja alirudi na mzigo mrefu uliozungushiwa karatasi ya kaki. Aliulaza juu ya meza ya jikoni, akaufungua taratibu, uso unamng'aa.

"Bibie," akasema, "nyama yako hii."

Ilikuwa bunduki.

Alinieleza kwa furaha ya mtoto. Ni ndogo tu, ya sungura na njiwa, risasi zake nyembamba kama penseli. Ni ya mkono wa pili, na ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko zote dukani kwa sababu mbao zake zilikuwa zimekwaruzwa. Tena inajipakia yenyewe: ukifyatua, ganda linaruka nje na risasi nyingine inaingia, kazi yako ni kuvuta tena kidole. Kibali cha polisi anacho. Mwenzake wa kiwandani, mzee mmoja wa Kiswidi, ana kishamba nje ya mji, sungura wanamlia kabichi, na ndiye aliyemwandikia kwamba anaruhusiwa kuwinda kwake. Miezi yote ile alikuwa akizunguka na jambo hilo bila kuniambia, apate kunifurahisha.

"Sungura ni halali," alisema. "Nikimwahi nikamchinja kwa mkono wangu, utakula au hutakula?"

Nilisema nitakula. Nilisema huku nimeshika kiti.

Mimi ni mtoto wa Unguja. Mwaka wa mapinduzi nilikuwa msichana wa kuanza kuvaa buibui. Siku chache baada ya mambo kugeuka, mchana, tumekaa tunakula, mlango wetu uligongwa kwa kitako cha bunduki. Mkono ukigonga mlango unaomba, kitako hakiombi. Waliingia wakamtaka kaka yangu. Mama alizaa wawili tu, yeye na mimi. Alikuwa kijana aliyetoka shule juzi, na kosa lake mpaka leo silijui. Aliinuka na wali vidoleni, akatoka nao. Hakurudi, wala hatukuambiwa alikopelekwa. Mama alingoja, akangoja, kisha siku moja akanishika mabega akaniambia, "Kuanzia leo mimi nimezaa mmoja. Ukiulizwa, wewe huna kaka."

Msimlaumu. Alikuwa ananiona na mimi nachukuliwa. Tulivuka kwenda Tanga kwa shangazi, na huko ndiko nilikoolewa, mtoto wa pekee, yatima wa baba. Mume wangu alilisikia hilo akaliamini. Baadaye mama alikufa, na amri yake ikabaki kwangu.

Sasa bunduki ilikuwa jikoni kwangu, na aliyeileta aliileta kwa mapenzi. Kumwambia "iondoe" kulitaka sababu, na sababu ilikuwa ni mtu ambaye niliamriwa niseme hakuzaliwa. Nikashika njia ya wanawake waoga. Nikaanza kuitafutia ila.

"Hiyo bunduki yako," nikamwambia, "inatoa pa-pa-pa. Utawahi kusoma bismillahi ngapi? Mnyama wa risasi isiyosomewa mimi simtii mdomoni."

Sheikh yeyote angenicheka, lakini sheikh hakuwepo Rågsved. Mume wangu alijikuna kidevu, na nikaona amefurahi: nimempa kazi. Alikichukua kile kijisanduku cha chuma kinachobeba risasi, akachonga kipande cha mti, akakipachika ndani, kikawa hakipokei zaidi ya risasi moja.

"Risasi moja, bismillahi moja," alisema. "Ya pili mpaka niitie kwa mkono na kuisomea yake."

Yule mzee wa Kiswidi alipoonyeshwa alicheka mpaka akatoa machozi. Alisema watu huhangaika kuzitia bunduki mbio, na huyu amenunua yenye mbio ili aivunje miguu. Mume wangu alinisimulia kwa fahari, na mimi nikacheka naye, Mungu anisamehe.

Nikasema mtoto ataishika. Akaitoa ile sehemu ya ndani ambayo bila yake bunduki ni bomba tu, akaifungia katika kisanduku juu ya kabati, na bunduki yenyewe akaifungia ndani ya kabati, funguo zote mfukoni mwake. Binti yetu alikuwa ameanza kutujibu Kiswidi. Aliniuliza mle kabatini mna nini, nikamwambia hamna kitu. "Jo, mamma," akasema, yaani kitu kimo, tena akinitazama kwa huruma kama mtu mzima.

Nikasema ina sura mbaya. Hapo afadhali ningaliuma ulimi. Alikifungua kitako kutoka kwenye mtutu, akatandika magazeti, akaanza kukishughulikia. Kila jioni akitoka kazini ilikuwa msasa na patasi, msasa na patasi. Aliondoa mikwaruzo yote. Akachukua kanga yangu niliyoipenda, akalikagua pindo lake, akachonga korosho zile zile kwenye ubao, moja ikifuata nyingine, safi kabisa. Kisha akaanza kukipaka mafuta ya kitani na kukisugua kwa kiganja. Harufu ile iliingia mpaka kwenye wali. Mimi nilipika nikiwa nimekipa mgongo, na mgongo wenyewe ukawa unauma kwa kukazwa.

Majani yalipoanza kuanguka alikwenda kwa mzee wake, na jioni akarudi na sungura. Alikuwa amempiga, akamkimbilia, akamchinja bado ana roho, kaelekea kibla alichokitafuta kwa dira. Alinieleza yote bila kuulizwa. Nilimkaanga kwa vitunguu na bizari aliyotuletea mgeni wa kutoka nyumbani, nikakaa, nikala, na alikuwa mtamu. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Nilifyonza mpaka mifupa. Mume wangu hakula vizuri kwa kunitazama, kisha akasema, "Penye nia pana njia, mama," na mimi nikakimbilia bafuni nikafungua maji asinisikie.

Baada ya hapo usingizi ulinihama. Nalala nasikiliza kabati, kana kwamba kabati litafunguka lenyewe. Mchana nikawa mkali. Chai ya moto nasema imepoa, mtoto akiangusha kijiko nafoka. Mume wangu aliniuliza nina nini, nikamwambia sina kitu. Aliuliza tena kwa upole, nikamjibu kwa ukali kwamba kama anataka kujua mambo ya watu akasome gazeti. Akaacha kuuliza. Nyumba ikawa ya watu wawili wanaopishana kwenye kikorido, kila mmoja anampisha mwenzake kwa adabu. Wenye ndoa wanajua adabu ya namna hiyo ni ya kuogopwa.

Siku moja akasema, bila kuniangalia, "Labda nikukatie tiketi ukapumzike kwenu. Hata ukitaka kukaa, sawa."

Kwetu wapi? Mama kaburini, Unguja siwezi kukanyaga, shangazi kachoka. Niliona waziwazi kwamba nampoteza mume huku nimefumba mdomo, na bado mdomo haukufunguka. Nilichokitoa kilikuwa ila nyingine.

"Unaniacha peke yangu kila Jumapili," nikasema. "Huko msituni unakwenda na mzee wako. Mimi ni nani?"

Uso ukamfunguka kama zamani. Alileta futi ya fundi, akaniambia nikunje mkono, akapima kutoka kwenye kiwiko mpaka kidole cha shahada. Nilidhani anataka kunishoneshea koti la kwenda naye.

Jumapili iliyofuata nilikuwa nachambua mchele, mtoto anachora chini ya meza. Aliingia na bunduki imeshaunganishwa, kitako kinang'aa, akanionyesha kilivyokuwa kifupi. Alikuwa amekikata.

"Nimekikata kwa kipimo cha mkono wako," alisema. "Mimi sasa kinanibana, lakini nitazoea. Utakuja na sisi. Nitakufundisha kulenga, na wewe ndiwe utakayesoma bismillahi yako mwenyewe, usinishuku tena."

Kulikuwa na bamba dogo alilolipigilia mwisho wa kitako, nalo halikukaa sawasawa. Basi akageuka, kama fundi yeyote, akakigonga kitako kwenye mlango wa jikoni ili bamba liingie mahali pake.

Sijui nilipiga kelele gani. Najua mchele ulikuwa sakafuni na mtoto analia, na mimi nimemshika mtoto kifuani nimejibana kati ya jiko na ukuta, nasema, "Hayupo! Hayupo humu!"

Mume wangu alikuwa mtu mweusi, lakini nakuambia alipauka. Aliilaza bunduki chini polepole, akaisukuma kwa mguu mpaka ikatokea kwenye korido, akafunga mlango. Kisha akarudi na mikono mitupu, ameinyoosha mbele niione.

"Nani hayupo?" akauliza.

Nikamwambia. Nilimwambia hapohapo nilipojibana, mtoto mikononi, kwa sauti nisiyoijua, kuanzia mlango mpaka mabega yangu mikononi mwa mama. Aliposikia yamekwisha alikaa sakafuni juu ya mchele, akaegemea mlango.

"Nina shemeji," alisema. "Miaka yote hii nawaombea dua wazee wako, kila mmoja kwa jina lake, na yeye simtaji."

Hakuniuliza kwa nini nilimficha. Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo tangu siku ya nikaha, nikawa na majibu, na yote yalibaki bila kazi. Kesho yake mzee wa Kiswidi alikuja na gari, akaichukua ile bunduki na korosho zake, mambo ya kibali wakayamaliza wenyewe. Mimi nilirudi kwenye maharage yangu. Mume wangu naye akaacha kula nyama kiwandani, na hilo hatukulizungumza.

Lakini siku ile ile, kabla hatujafagia mchele, aliniuliza jambo jingine. Alimchukua mtoto mapajani mwake, akamfuta machozi, akasema, "Haya, mwambie mwanao. Mjomba wake alikuwaje? Anza na sura, tujue amefanana na nani."

Nikafungua mdomo. Nilikumbuka shati lake. Nilikumbuka alivyoburuza kandambili, na kwamba alikuwa mrefu kunipita. Nikautafuta uso. Nilimtazama binti yangu, macho yake, paji lake, nikidhani huenda utajitokeza hapo, na haukujitokeza. Kila nilipomgeuza kaka yangu anitazame, nilichokiona ni mlango. Miaka mingi mno nilikuwa nimeshughulika kutomtaja, na sikujua kwamba huku nyuma alikuwa anaondoka.

"Simkumbuki uso," nilimwambia mume wangu, na hapo ndipo nilipolia.