Nilimvalisha Baba Koti la Mlinzi Ili Nyumba Iuzike

Siku niliyomvalisha baba yangu koti la mlinzi, alinyoosha mikono yote miwili kama mtoto anayevalishwa shati la shule. Hakuniuliza hata swali moja.

Vifungo nilimfunga mimi mwenyewe.

Naitwa Rashidy, naishi Nachingwea. Anayetaka kunitukana anitukane tu, nimeshajitukana kuliko yeyote.

Nyumba ilikuwa Ruangwa mjini. Baba, mzee Halfani, aliijenga kwa korosho za shamba lake la Nandagala, misimu sita, kidogo kidogo. Mama alipofariki akaiandikisha kwa jina langu. Alisema yeye na makaratasi hawaelewani. Akabaki anaishi humo peke yake.

Mimi nilitaka Kenta, lori dogo la kubebea mizigo. Msimu wa ufuta ulikuwa unakaribia na nilishachoka kubeba mizigo ya watu kwa bodaboda. Nikaamua nyumba iuzwe, baba aende Kilimarondo kwa dada yangu Mwamina.

"Mama yako kafia chumba kile, Rashidy," aliniambia.

"Baba, marehemu hahitaji chumba."

Ndiyo. Nilimjibu hivyo hivyo.

Miezi minne wateja walikuja, wakaangalia, wakapotea. Mwishowe dalali wangu, Jofrey, akanichana ukweli.

"Kaka, nyumba haina kosa. Kimeo ni mzee. Mteja akimkuta barazani anajua hii mali ya familia, kesho atavutwa baraza la ardhi. Anakula kona."

Basi tukaipamba. Rangi mpya, maua ya plastiki, makochi na mapazia ya kukodi kwa mpambaji wa harusi. Friji tuliloweka sebuleni lilikuwa bovu, halina hata mota. Kitanda cha kamba cha baba tukakitupa stoo.

"Na mzee je?" nikauliza.

"Mzee leo mlinzi. Nyumba yenye mlinzi inaonekana ya mtu mwenye uwezo."

Tukacheka. Baba amesimama pale pale, anatusikia, na sisi tunacheka.

Mteja alikuwa Modestus, mfanyabiashara wa kutoka Mbinga. Alizunguka vyumba vyote, akagonga kuta, akaipenda. Wakati wa kutoka akasimama getini.

"Shikamoo mzee. Una muda gani hapa?"

"Marahaba. Tangu msingi unachimbwa."

"Na huyu mwenye nyumba ni mtu wa namna gani? Hana matatizo?"

Neno moja tu la baba, na Kenta yangu imekwenda na maji.

Baba akaniangalia, macho makavu.

"Hana matatizo," akasema. "Waliomlea nawajua."

Nikashusha pumzi. Sikuona aibu hata chembe, niliona mzee kanibeba.

Modestus alilipa wiki ile ile. Siku ya kukabidhi funguo akasema, "Huyu mzee akitaka abaki, mimi nimempenda."

Nikamvuta baba pembeni. "Twende, Mwamina anakusubiri."

"Mimi si mlinzi?" akanijibu taratibu. "Mlinzi anakaa na nyumba."

Nikajisemea poa, nimeokoa nauli ya Kilimarondo. Nilikuwa mshenzi, na hayo ndiyo niliyowaza.

Miezi saba sikukanyaga kwake. Mwamina alinipigia akilia, nikamfungia namba. Idd ilipofika usingizi ukaanza kunikataa. Nikanunua kanzu na sukari kilo tano, nikaenda Ruangwa.

Getini hapakuwa na mlinzi. Baba alikuwa barazani, amekaa kwenye kochi, amenyolewa vizuri, anakunywa chai. Modestus ndiye aliyeinuka kunipokea. Hakunipa mkono.

"Majirani waliniambia wiki ya kwanza tu kwamba huyu ni baba yako," alisema. "Nikajiandaa kukushitaki. Nikamwambia mzee kwanza, akanisihi nikuache ufanye kazi zako."

Nikaiweka ile sukari chini.

"Hapa halindi kitu. Anakaa chumba alichofia mkewe. Wanangu wanamwita babu, na mimi namwita baba."

Nikapiga magoti pale pale kwenye sakafu.

"Baba, nisamehe. Nimekuja kukuchukua twende nyumbani."

Aliipokea ile kanzu kwa mikono miwili, akanishukuru kama anavyoshukuriwa mtu baki. Ningefurahi kama angenizaba kofi. Aliniangalia kwa upole, na upole ule ndio ulionimaliza.

Kisha akageuka.

"Modestus, mwanangu," akasema, "mpe mgeni maji anywe. Asije akakosa gari la Nachingwea."

Niliyanywa yale maji. Ningefanya nini?

Wewe unayetaka kuuza nyumba, paka rangi, kodi makochi, na kuhusu friji danganya ukipenda. Mzazi mwache akae barazani kwake, na mteja anayemkimbia, akimbie.

Kenta ninayo, inaniingizia vizuri. Nikifika safari sina wa kumpigia simu kumwambia nimefika salama.