Mzee Plagi na Foleni ya Printa

Mimi ni katibu muhtasi wa idara ya kompyuta, na nisiwadanganye: kompyuta zenyewe sizijui. Ninachojua ni majina ya masomo, maana nimeyachapa kwenye ratiba kwa miaka ishirini na tano. Mwaka wa kwanza wanajifunza kuandika programu, na hisabati ya mantiki. Mwaka wa pili ni miundo ya data. Wa tatu ni mifumo ya uendeshaji na mitandao, na wa nne kila mwanafunzi anafanya mradi wake na kuja ofisini kwangu kulialia aongezewe siku. Siku hazijawahi kuongezwa, lakini wanakuja tu.

Mtu ninayetaka kusimulia habari zake alikuwa fundi wa maabara, chumba cha chini chenye kompyuta arobaini, printa moja, na feni mbili ambazo moja ilikuwa pambo. Wanafunzi walimwita Mzee Plagi. Ukimfuata na kilio chochote, skrini imezima, kazi ya wiki nzima imepotea, swali lake la kwanza lilikuwa lilelile: "Umeangalia plagi?" Nusu ya vilio iliishia hapo. Nusu nyingine ilimpeleka chini ya meza, na kwa kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame, naweza kusema nimeuona mgongo wa mtu yule mara nyingi kuliko uso wake.

Kwa miaka ishirini na miwili aliziwasha zile mashine saa moja asubuhi na kuzizima saa kumi na mbili jioni. Alizijua moja moja. Ya dirishani ilitaka kupigwa kofi la ubavuni ndipo iamke, ya kona haikupenda mvua. Shahada hakuwa nayo. Chuo kinampa mtumishi nafasi moja ya kusoma bila ada, yeye mwenyewe au mtoto wake, mmoja kwa wakati. Alipoiomba mara ya kwanza, binti yake alikuwa amemaliza sekondari mwaka uleule. Akapanda ofisini kwangu, akaiomba fomu yake, akalikata jina lake na kuandika la binti.

"Na wewe je, kaka?" nilimuuliza.

"Mimi nipo tu, dada. Naenda wapi?"

Fomu nilikuwa nimeshaigonga muhuri. Ilibidi nichape nyingine, na siku ile nilinuna mpaka saa ya kutoka.

Binti akasoma, tena akasoma vizuri hadi idara ikambakiza awe mwalimu msaidizi. Ndipo baba naye akajiandikisha, akiwa na miaka hamsini na moja. Wahenga walisema sikio halipiti kichwa. Katika nyumba ile sikio lilipita, likageuka, likaanza kukisahihishia kichwa madaftari.

Mwaka wa kwanza aliumaliza bila taabu. Akitoka darasani alikuwa ananipitia kunieleza walichofundishwa, kana kwamba nimeuliza. Siku moja walikuwa wamefundishwa kutafuta kitu kwa kugawa nusu kwa nusu: orodha ikishapangwa, unaangalia katikati, unaitupa nusu ambayo kitu hakimo, unaangalia katikati tena, hivyo hivyo mpaka ukipate.

"Dada, mimi waya mbovu nimeutafuta hivyo miaka yote," aliniambia. "Nachomoa katikati, naangalia upande gani umekufa. Kumbe hii kitu ina jina!"

Rundo nalo alilielewa kabla mwalimu hajamaliza kueleza, kwa sababu ya viti vya plastiki vya maabara: kiti kilichowekwa mwisho ndicho kinachotoka kwanza, na cha chini kivumilie. Wenzake wa miaka ishirini walikuwa wanaandika na kukariri. Yeye alikuwa anatajiwa majina ya vitu alivyoishi navyo, na furaha yake ilikuwa inaniudhi kidogo, maana mimi kazi yangu haijawahi kunifurahisha namna hiyo.

Kilichomkwamisha ni miundo ya data. Hilo ndilo chujio la idara. Darasa linaingia watu themanini, linatoka watu hamsini. Mara ya kwanza alianguka, na sababu naijua kwa sababu ofisi yangu inatazamana na darasa. Mwalimu akianza tu, mlango unagongwa. Printa imekwama. Projekta ya chumba cha tatu haiwaki. Profesa kasahau neno lake la siri, na profesa huyo alilisahau kila Jumatatu. Mzee Plagi anainuka: "Dakika moja tu, mwalimu." Akirudi, kipindi kimekwisha na ubao umefutwa.

Kanuni ya chuo iko wazi, nimeichapa mwenyewe. Ukianguka somo la lazima mara mbili unaondolewa chuoni, isipokuwa mkuu wa idara akuruhusu mara ya tatu. Na mkuu wetu alikuwa hajawahi kumruhusu mtu. Kwa hiyo aliporudia somo lile, shahada yote ilikuwa imening'inia hapo, na ghorofa nzima tulijua.

Nusu ya alama zilitoka kwenye kazi moja kubwa, na asiyefikisha kumi kwa ishirini humo ameanguka somo zima. Swali lake lilikuwa fupi: andika programu inayopokea kazi za kuchapa na kuzitoa kwa utaratibu wa foleni, aliyetangulia ahudumiwe kwanza. Mzee Plagi alipoliona alicheka peke yake. Foleni ya printa! Hata mimi nilimwambia safari hii Mungu kamwangalia. Wiki tatu alikuwa anaiandika saa ya chakula, mkono mmoja kwenye kibodi, mwingine umeshika mkate.

Kazi hizo hazisahihishwi na mtu. Zinasahihishwa na programu nyingine, ambayo inampa mwanafunzi majaribio ishirini na kuyalinganisha majibu yake herufi kwa herufi. Programu hiyo iliandikwa na mwalimu msaidizi, yaani binti yake. Binti alikuwa ameomba asihusishwe na kazi ya baba yake. Mkuu wa idara akamwambia asijisumbue, mashine haina baba.

Mashine ikampa tatu kwa ishirini.

Alikuja na karatasi ya matokeo, akaiweka mezani kwangu, akasimama.

"Umeangalia plagi?" nilimtania.

Hakucheka, nami nikajuta. Kwa tatu ile, hata angepata mtihani wote, somo limeanguka na yeye ameondoka nalo. Na niseme jambo moja ambalo hakuna aliyelisema: seva inayotunza alama aliisimika yeye, funguo zake zote ziko kwake, na ingemchukua muda mfupi kuigeuza tatu ikawa kumi na tatu. Mimi nisingejiamini. Yeye aliomba nimchapie barua ya rufaa.

Aliitamka kwa mdomo, mimi nikachapa. Programu yake haikuwa mbovu, alisema. Ilifanya anavyofanya yeye. Akija mtu na barua ya ukurasa mmoja akamkuta mwenye tasnifu ya kurasa mia tatu, wa ukurasa mmoja anapitishwa. Ndiyo maana miaka ishirini na miwili hakuna waliowahi kugombana kwenye printa yake. Kanuni hiyo ndiyo aliyoiandika, kazi ndogo mbele, kubwa isubiri, na hakuona kwamba amekiuka swali mpaka mashine ilipomwambia. Kwake hiyo ndiyo ilikuwa maana ya foleni.

Kikao cha rufaa kilikaa Alhamisi mchana ofisini kwa Mkuu. Mimi niliandika kumbukumbu. Mwalimu wa somo, kijana wa haki lakini mkavu, alisema njia ile si ujinga. Ni njia halali yenye jina lake, inafundishwa mwaka wa tatu kwenye mifumo ya uendeshaji. Ila haikuulizwa. Mkuu, ambaye alikuwa na kikao kingine saa nane, alitaka yaishe.

"Tumpe nusu ya alama tufunge," alisema. "Mwalimu msaidizi, wewe ndiye uliyeandika hiyo mashine. Una la kusema?"

Binti aliinuka, akaenda ubaoni. Nilimwonea huruma.

"Naomba nimwite baba," alisema. "Mwanafunzi siwezi."

"Mwite unavyotaka."

Akachora mstari, akaandika juu yake mia tatu. "Baba, mwenye kurasa mia tatu kafika wa kwanza, lakini printa ina kazi. Kabla haijamaliza, kaja wa ukurasa mmoja. Nani anaanza?"

"Wa ukurasa mmoja. Anapita."

"Kabla hajamaliza huyo, kaja wa kurasa mbili."

"Apite."

"Kaja wa moja tena. Na nyuma yake mwingine."

"Wapite, mama, hao hawachukui muda."

Alikuwa anaandika huku wanaongea, namba ndogo ndogo mbele ya ile mia tatu, na ubao ukaanza kujaa. "Wanaendelea kuja. Hawakatiki. Mwenye kurasa mia tatu atachapa lini?"

"Jioni," alisema Mzee Plagi, bila wasiwasi. "Nikishafunga mlango, wadogo wote wamekwenda, nakaa namchapia yote. Hakuna mtu aliyewahi kulala na kazi yake kwangu."

"Maabara yako inafungwa saa kumi na mbili, Baba. Programu haifungwi. Humu ndani hakuna jioni."

Mkuu aliangalia saa. Mzee Plagi aliinuka akausogelea ubao, akaanza kufuata zile namba kwa kidole, moja baada ya nyingine, kama anavyofuata waya ukutani. Alifika mwisho, akarudi mwanzo, akafuata tena. Mwalimu mkavu aliacha kuandika.

"Hatachapa," alisema Mzee Plagi.

"Hatachapa," binti alikubali. "Na yeye ndiye aliyefika wa kwanza."

Mzee Plagi akauliza, bado anautazama ubao, dawa yake ni nini. Binti akafuta macho kwa mkono wenye chaki. Akasema dawa ipo: kila anayesubiri anaongezewa uzito kidogo kidogo, kwa hiyo akikaa sana anafika mahali ambapo hata mdogo hampiti. "Ndiyo inayofuata mwaka wa tatu," alimwambia.

"Mimi nilikuwa nasubiri jioni," alisema. Alimwambia binti yake, si sisi, na kwenye kumbukumbu sikuliandika.

Mkuu akakohoa. "Haya, kosa limeeleweka. Nusu ya alama, mzee wetu apite, sote tunamjua mchango wake."

"Hapana, Mkuu. Swali sikulijibu. Alama hizo msinipe." Aligeuka sasa, na sisi tukamwona usoni. "Naomba mara ya tatu. Na naomba likizo ya masomo mwaka mzima, nikae darasani mpaka kipindi kiishe."

"Mwaka mzima!" Mkuu aliweka kalamu chini. "Na maabara? Asubuhi nani atawasha?"

"Sijui, Mkuu."

Nimefanya kazi na mtu yule miaka ishirini na miwili. Nimemuuliza habari za waya, za vumbi, za panya waliokula kebo, za umeme uliokatika katikati ya mtihani, na neno hilo sijawahi kulisikia mdomoni mwake. Machozi yalinitoka palepale mbele ya wakubwa zangu, na sikuyaonea haya.

"Printa je? Hao wanafunzi mia nne watakwenda kwa nani?"

"Sijui."

Mkuu alimtazama mwalimu wa somo, akamtazama binti, akanitazama mimi, na sote hatukumsaidia. Nilifungua droo, nikatoa fomu ya likizo na ile ya kurudia somo, nikazisukuma mpaka mbele yake. Alizisoma zote, jambo ambalo si kawaida yake, kisha akasaini.