Mama Mkwe Aliyepanda Basi la Kato

Nilikwenda Doha kwa sababu mjukuu wangu Nekesa aliniambia kwa simu kwamba anasoma makabila. Nikamuuliza, chuo gani? Akasema si chuo, ni chumbani kwake, kila Ijumaa, na cheti hakuna. Nekesa ni muuguzi. Nimemlea mimi, na nikisema ana akili sipendelei, muulize yeyote hapa Chwele. Lakini neno hilo sikulipenda. Huku kwetu, mwaka ule wa uchaguzi mbaya, waliozungumza sana habari za makabila ndio walioishia kuchoma maghala ya watu. "Kukhu, njoo uone mwenyewe," akasema, maana kwetu bibi ni kukhu, akanitumia tiketi. Basi mimi, niliyeishia darasa la tatu, nikaenda kukagua shule.

Nairobi, uwanja wa ndege. Foleni ilijaa wasichana wenye fulana za rangi moja, wanaokwenda kufanya kazi za nyumbani. Mmoja wao, wa kutoka Kitui, alikaa karibu nami ndani ya ndege, akanifunga mkanda, kisha akaniuliza kwa huruma ni nyumba gani iliyoniajiri kwa umri huu. Nikamwambia nakwenda kutembea. Sidhani aliniamini.

Doha, asubuhi. Nekesa alinipokea, na tulipotoka nje ya jengo nilidhani nimesimama nyuma ya jiko la kuokea mikate. Nekesa akasema hiyo ni hewa tu, na bado mapema. Anakaa Najma, mtaa wa zamani wenye maduka madogo yaliyobanana, na ngazi za nyumba yao zinanuka bizari ghorofa ya kwanza na samaki mkavu ghorofa ya pili. Nilipanda polepole nikinusa, nikijiuliza nani anapika nini.

Ijumaa, watu walipotoka msikitini, shule ikaja. Walinzi wawili Wakenya, wasichana watatu wa hotelini, na Mganda mmoja dereva, jina lake Kato. Wakakaa kitandani, sakafuni, mmoja juu ya ndoo. Wa kanisani na wa msikitini pamoja, kila mtu na kikombe cha karaki, chai yao ya maziwa iliyochemshwa mpaka inashika midomo. Mwalimu hakuna. Sheria yao ni moja: huruhusiwi kueleza kabila lako. Unasoma na kuulizia la mwenzako, unalieleza mbele yake, naye anakurekebisha. Mlinzi mmoja Mluo alieleza mahari ya Wakamba, msichana wa Kikamba akamkatiza kila sentensi, na watu wakacheka hadi chai ikamwagika.

Mimi nilikuwa nimejiandaa kuwapa habari zetu sisi Babukusu tangu mwanzo wa dunia. Wakanikatalia. Nilinuna waziwazi. Nekesa akanieleza kwamba kusoma kwao kuna kazi: watu wengi kule wanafukuzwa kwa mambo ambayo bosi hayaelewi, nao hujaribu kumwelewesha. Na siku hiyo kazi ilikuwa ya Kato.

Kato huendesha basi linalopeleka wafanyakazi wa usafi kazini. Wiki ile kampuni yake ilileta watu wapya kutoka Kampala, na mmoja wao alikuwa mama mzazi wa mkewe. Kato alipomwona anapanda, akazima injini, akashuka, akakataa kuendesha. Msimamizi akasema huo ni uasi. Jumamosi hiyo angeamua kama Kato arudishwe kwao, na mkewe kule ana mtoto mchanga.

"Si uweke pazia, boss," akasema yule Mluo.

Kato hakucheka. Akanigeukia mimi, akaniita bibi kwa Kiganda. "Jjajja, kwetu ukimgusa mama mkwe, hata akikupita tu mlangoni mwa basi, mikono inakutetemeka. Mikono ya dereva ikitetemeka, hao walio nyuma yangu watafika?"

Nilimwelewa kabla hajamaliza. Kwetu pia mwanamume hupita shambani kumkwepa mama mkwe aliye njiani.

Jumamosi mimi, Nekesa na Kato tulikwenda Al Wukair, kwenye kambi ya kampuni. Msimamizi alikuwa Mnepali, mfupi, hajalala vizuri. Nikaanza kumfokea kwa Kiswahili. Nekesa akanibana paja. Nilingoja amweleze habari za Waganda. Hakueleza. Alimuuliza kwa Kiingereza, kisha akanitafsiria: "Kwenu, ni nani katika familia usiyeweza kumgusa?"

Yule bwana akatazama mlango. Kisha akasema ni mke wa mdogo wake. Yeye akiingia, huyo hujifunika na kutoka, na wakigusana kwa bahati mbaya lazima wanyunyiziwe maji. Nekesa akamwambia, "Sasa fikiria unampandisha huyo kwenye basi lako kila asubuhi." Bwana akajikuna shingo. Akamuuliza Kato kwa nini hakusema siku ile.

"Ningesemaje," Kato akajibu, "na mwenyewe amesimama pale?"

Mama mkwe akahamishiwa basi la dereva mwingine. Kato akabaki kazini, ila akaadhibiwa kufanya kazi Ijumaa mbili, siku yake ya kupumzika. Nililalamika kwamba amefanyiwa ubaya. Nekesa akasema ndiyo, lakini bado yuko hapa. Nilimtazama mtoto wangu huyo na kichwa kikanivimba kwa fahari, wala sitaomba radhi.

Nimerudi nyumbani. Wengi wananiuliza kama niliona yale maghorofa. Niliyaona, ni marefu. Nilichokwenda kujua ni kama kusoma makabila kunachoma maghala, na nimeona kunategemea unaanzia kwa nani: kwako au kwa mwenzako.

Jirani yangu Chebet ni Msabaoti, si Mbukusu. Tumepakana miaka na miaka. Juzi nilivuka ua nikamuuliza, kwao ni nani ambaye mtu haruhusiwi kumtazama usoni. Akaacha kupepeta mahindi.

"Leo umekuja kuuliza hilo?" akasema.

Nikavuta kiti. Maisha yangu yote sijawahi kumuuliza kitu, isipokuwa kama amemwona ng'ombe wangu.