Mshika Antena

Moshi wa nyama choma wa Kenyatta Market huingia saluni bila kubisha hodi, na kuchanganyika na harufu ya nywele bandia zinazochovywa kwenye maji moto. Juzi nilikuwa nimekaa humo, shingo inaniuma, wanawake wakibishana kuhusu kipindi cha runinga walichokipenda zaidi utotoni. Msusi wangu akauliza, "Na wewe dada, chako?" Nikataja kile cha mshonaji wa Meksiko aliyeibiwa mtoto. Mwanamke wa kiti cha pili akageuka, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama wima.

"Ghai! Si wewe ni Njeri wa Mama Matumbo?"

Alikuwa Shiru, binti ya mwenye ploti tuliyoishi kule mtaani Satellite.

Ngoja niwaeleze. Sisi wapangaji tulikaa vyumba vya mabati, na kina Shiru walikuwa na nyumba ya mawe hapo mbele, ndani yake runinga ya rangi. Jumamosi alasiri mama yake aliwaruhusu watoto wa ploti kuingia, kwa masharti. Unaosha miguu kwenye bomba, unakaa chini, hugusi kochi. Na unachagua kipindi kimoja tu. Kikiisha, unaenda kwenu. Wengine walichagua katuni, wengine mieleka. Mimi nilimchagua mshonaji, kwa sababu Shiru na marafiki zake walimchagua, nami nilitaka sana kuwa wao.

Lakini kila mshonaji alipoanza, picha iliyumba, na mtu alihitajika nje kushika mlingoti wa antena. Mtu huyo alikuwa mimi.

"Meksiko ni mbali," Shiru alinieleza, uso mkavu kabisa. "Katuni hazisumbui, ni za hapa karibu."

Nikaamini! Nilisimama uani nimekumbatia kile chuma, nikisikiliza kupitia dirishani. "Hapo hapo, Njeri! Usisonge!" Nilimjua mshonaji kwa sauti, alivyovuta makamasi kabla ya kulia, cherehani yake ilivyonguruma. Uso wake sikuwahi kuuona. Usiku nilikuwa namtungia uso, na mara nyingi ulitoka kama wa Mama.

Shiru aliniahidi kwamba siku ya mwisho, mshonaji akimpata mtoto wake, nitakaa ndani na mwingine atashika. Wiki nzima sikuwaza kitu kingine. Siku ikafika, nikaosha miguu, nikakaa chini. Hata muziki wa kuanza haukuisha.

"Picha imepotea. Njeri, toka tu kidogo."

Nikatoka. Mvua ikaanza, ikapiga mabati mpaka nisisikie neno. Nilishika tu. Kisha, juu ya kelele za mvua, nikasikia nyumba nzima ikipasuka kwa kicheko. Nikajua amempata! Nami nikacheka huko nje peke yangu, maji yakiniingia mdomoni, nikamfurahia yule mama mpaka machozi yakanitoka. Walipofungua mlango nikauliza, "Alimpata?"

"Alimpata," Shiru akasema.

Basi nimeishi na mwisho huo miaka yote. Nilipofiwa na Mama, hata niliufikiria, ukanituliza kidogo.

Sasa pale saluni Shiru alikuwa anajipiga mapaja. "Ile antena ya nje ilikuwa imekatika waya kitambo! Tulikuwa na ingine ndogo juu ya TV, tunaizungusha kidogo picha inapotea. Ni Mum alisema unanuka matumbo ya Dagoretti, utamharibia sitting room. Sasa tungekuambia aje? Tukakupea mlingoti!" Akafuta macho. "Na ile siku ya mvua! Tulifungua pazia kidogo tukuone. Umelowa, umekumbatia chuma kama bwana yako, na unacheka! Woi, tulikufa!"

"Na mshonaji?" nikauliza. "Alimpata mtoto?"

"Nani? Aaa, yule. Alionyeshwa kaburi."

Saluni nzima ilikuwa inacheka, hata msusi wangu, na mikono yake ilitetemeka kichwani mwangu. Akamuuliza Shiru, "Na wewe, chako kilikuwa kipindi gani?" Shiru hakuweza kusema kwa kicheko. Alininyooshea kidole tu.

Sikumtukana, ingawa matusi nilikuwa nayo ya kutosha. Nilikuwa namwaza Mama. Alinunua matumbo kichinjioni Dagoretti, akayaosha nyuma ya mlango wetu, akayauza barabarani. Kila Jumamosi kabla ya kipindi alinisugua kwa limau na sabuni ya kunukia, shingo, kwapa, katikati ya vidole, mpaka ngozi ikawaka. Hakuniambia kwa nini. Mimi nilipiga kelele kwamba ananichelewesha.

Siku ile ya mwisho alinisugua, akaninusa, akanisugua tena.